Pumzi Zinauzwa Kando

3 Machi

Dada,

Salamu utazikuta mwishoni, maana nikizitanguliza nitasahau kilichonikasirisha. Na simu sipigi tena. Mara ya mwisho tulizungumza dakika nne, tatu zikaisha kwa ugomvi na moja kwa kutafuta mtandao. Bora tuandikiane, kila mtu amalize sentensi yake.

Unaujua ule wimbo Baba aliomtungia Mama baada ya kumzika. Tangu mwaka jana anauvumisha kwa pua akiosha vyombo. Sasa anataka urekodiwe, na tarumbeta iwe yake, si ya mtu mwingine. Tatizo ni meno. Yale mawili ya mbele yamekwenda, na bila meno ya mbele midomo haina pa kuegemea. Daktari alimtengenezea ya bandia. Siku ya kwanza alipopuliza, yaliruka yakatua juu ya ngoma. Nilicheka, naye akacheka, kisha akairudisha tarumbeta kwenye kasha.

Basi Jumanne nilikuwa natafuta programu yenye sauti za tarumbeta, ili mimi nibonyeze kinanda na kompyuta itoe tarumbeta. Nikaikuta ya kampuni yenu, ile ya bei kubwa, imeandikwa tu “mpigaji mkongwe”. Kuna kipande cha kuonja cha sekunde ishirini. Dada, yule ni Baba. Kabla ya noti anavuta hewa kwa pua mara mbili, fupi halafu ndefu, vilevile alivyokuwa akifanya sebuleni sisi tukiwa tunajidai tumelala. Nilirudia mara thelathini.

Kisha nikatazama bei. Ni kodi ya studio yangu kwa miezi kumi na minne. Nilidhani wamekosea nukta.

Nina maswali mawili. Pumzi ya Baba imefikaje huko? Nimemuuliza, akasema hajui, akatoka kwenda kumwagilia maua ambayo alishayamwagilia asubuhi. La pili: wewe uko humo humo ndani. Huwezi kunipatia nakala? Nijibu upesi, sina muda wa kusubiri.

Salamu nyingi, kwa shingo upande.

Masikio


6 Machi

Masikio, mdogo wangu,

Habari ya meno imenichekesha mpaka wenzangu ofisini wakageuka. Mpe Baba pole, ila usimwambie nilicheka.

Umeuliza bei kwa hasira kana kwamba naipanga mimi. Inapangwa juu. Lakini nikueleze, maana wewe ni fundi na hujawahi kukaa upande wa muuzaji. Unadhani mtu ananunua sauti, kumbe sauti ni sehemu ndogo. Studio kubwa zikiona kitu rahisi hazikiamini. Tuliwahi kutoa fidla moja, nzuri kabisa, kwa bei ya huruma. Miezi mitano hakuna aliyeigusa. Ikapandishwa mara tatu, watu wakaanza kuulizana kama umeshaipata. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kizuri nacho hakijiuzi mpaka kiwe ghali.

Kukupa nakala siwezi. Kila nakala imeandikwa jina la mwenyewe, na wafanyakazi tunabanwa kuliko wanunuzi. Lakini kuna toleo dogo. Noti ni zilezile, tarumbeta ni ileile, bei ni kodi yako ya mwezi mmoja na nusu. Anza na hilo. Wasikilizaji wako hawatajua tofauti.

Na huyo mpigaji, usijitie wazimu. Wazee wengi wa bendi huvuta hewa hivyo. Masikio yako yamezidi kazi, ndiyo maana tulikupa hilo jina.

Halafu haraka ya nini? Wimbo umekaa mwaka mzima, hauozi.

Dada yako


19 Machi

Dada,

Usiniulize haraka ya nini.

Nimeuza spika zangu mbili kubwa, nimenunua toleo dogo. Jana nilimpandisha Baba studio, nikamketisha, nikampigia ubeti wa kwanza. Nilikuwa najisikia fundi kwelikweli. Noti zilikuwa safi, zimenyooka, kila moja mahali pake. Baba alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti. Halafu akaniuliza taratibu:

“Huyu hapumui. Amekufa lini?”

Alipoondoka nikarudi kwenye ukurasa wenu nikasoma yale maandishi madogo chini, ambayo ni lazima usogeze uso. “Pumzi na milio ya vidole hupatikana katika toleo kamili pekee.” Yaani noti zinauzwa huku, pumzi zinauzwa kando. Hivi ni mtu gani mwenye mama yake aliyekaa kitini akafikiria jambo hilo? Na tangazo jingine linasema toleo kamili litapanda bei tarehe mosi Mei, kwamba tuwahi.

Leo asubuhi nikamrudia Baba. Nikamwambia sitoki jikoni mpaka niambiwe. Akafunga bomba, akafuta mikono, akasema: “Muulize dada yako, ndiye aliyenipeleka.”

Kwa hiyo umenipiga chenga. Barua nzima umenifundisha biashara ya fidla, kumbe unajua. Nimeumia, Dada, nakuambia wazi. Kama ni jambo dogo usingelificha.

Masikio


22 Machi

Mdogo wangu,

Mficha uchi hazai. Haya, nasema.

Ni miaka sita sasa. Nilikuwa mgeni kazini, napeleka faili meza hadi meza, hakuna aliyejua hata jina langu. Wakawa wanatafuta mpiga tarumbeta wa zamani, mwenye sauti isiyosuguliwa sana. Nikanyoosha mkono. Wewe ulikuwa umesafiri na ile bendi ya vijana, Mama akabaki nyumbani, nikamleta Baba kwa basi. Alikaa siku mbili kwenye chumba kisicho na dirisha akapuliza noti moja moja, toka ya chini kabisa mpaka ya juu, kwanza polepole, kisha kwa nguvu. Akasaini karatasi, akalipwa mara moja tu. Lile friji la nyumbani ndilo malipo yenyewe. Mliambiwa ni bonasi yangu.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Fundi aliyemrekodi alikata noti akazisafisha, na pumzi akaziweka kwenye kabrasha la takataka la kompyuta, zifutwe. Zilikaa humo muda mrefu. Siku moja nilikuwa na hamu ya nyumbani, nikalifungua nikazisikiliza nikiwa na mkate mkononi, nikalia. Wiki iliyofuata kulikuwa na kikao. Nikasema msizifute, watu watazilipia. Nikasema tuzitenge, tuziweke kwenye toleo la juu peke yake, na bei iwe ya kumshtua mtu. Wazo ni langu, Masikio. Bei ni yangu. Hakuna “juu”. Huko juu ndiko ninakokaa, mlangoni kwangu pameandikwa mkuu wa bei.

Ukitaka kunihukumu, hukumu yote. Mshahara ulioongezeka kwa hizo pumzi ndio uliolipa chumba cha peke yake cha Mama hospitalini. Ulikuwa unashukuru sana kwa kile chumba. Mimi kila nikiingia nilikuwa nahesabu kimelipiwa na nini.

Nakala bado siwezi kukupa. Nikikupa nitafukuzwa, na hilo silisemi kama kisingizio. Mwezi ujao kuna kikao cha bei mpya, labda nitapata njia. Nisubiri.

Dada yako


4 Aprili

Dada,

Sisubiri.

Leo nilifungua kasha la tarumbeta la Baba nipate kitambaa cha kufutia. Chini yake kulikuwa na flashi. Nikaichomeka kwenye kompyuta. Toleo kamili, lote, na namba yako ya kazi imeandikwa mbele. Kwa hiyo kumbe unaweza. Ulimpa mzee asiyekuwa na kompyuta, hata kuwasha ile ya kwangu hajui, na mimi nduguyo wa tumbo moja ukanipeleka nikauze spika. Hii ndiyo kuuma na kupuliza.

Sikumwomba ruhusa. Nilikaa kwenye kiti cha studio toka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja, chai ikapoa mara tatu. Wimbo umekamilika. Umepumua, Dada. Nilipofika kwenye ubeti wa pili nilitazama nyuma, nikidhani ameingia mlangoni. Sijawahi kufanya kazi nzuri namna hii na sidhani nitafanya nyingine.

Ijumaa nauweka mtandaoni kwa jina lake. Kampuni yako ikitaka kitu, ije hapa juu ya duka la cherehani, ngazi haina kufuli.

Sina hasira tena, nina haraka tu.

Masikio


5 Aprili

Masikio,

Nimekupigia mara tisa. Usiuweke mtandaoni. Soma yote kabla hujanitukana.

Kila nakala tunayouza ina alama ya mwenyewe. Wengine huziweka alama kwenye noti, na wezi wamejifunza kuzitoa. Sisi tumeziweka kwenye pumzi. Kila mnunuzi anapewa pumzi zilezile, ila zimefuatana kwa mpangilio wake, na baadhi zimekatwa nusu ya nusu ya sekunde. Mashine yetu inasikiliza nyimbo mtandaoni siku nzima, na ikisikia mpangilio inatoa jina. Hakuna anayechunguza pumzi, ndiyo maana tulizichagua. Hilo nalo wazo langu, cheka tu.

Sasa ukiuweka ule wimbo, mashine itatoa jina langu. Ripoti zinaletwa mezani kwangu, kisha zinapanda kwa wanasheria siku hiyohiyo, na siwezi kuizuia hata moja. Mtego niliutega mwenyewe na mguu wa kwanza kunasa ni wangu. Nina mkopo wa nyumba, nina watoto wawili shuleni. Sikuombi kama bosi wa kitu, nakuomba kama dada yako.

Ile flashi nilimpa Baba wiki programu ilipotoka. Nilimwambia: “Huyu ni wewe, kaa naye.” Nilitaka awe nayo mkononi, kama mtu anavyotunza cheti. Nikamwambia asikuonyeshe wewe, kwa sababu wewe ungeitumia. Nilijua. Kumpa yeye kulinituliza moyo bila kunigharimu chochote, na huo ndio ukweli wenyewe, sijivunii.

Kama wimbo hauwezi kusubiri, basi niambie kwa nini. Kuna kitu hunielezi.

Dada yako


12 Aprili

Kwa binti yangu,

Mama, mwandiko wangu unaujua, vumilia. Ndugu yako ataipiga picha karatasi hii akutumie pamoja na wimbo, kisha ajifanye hajaisoma, kwani nyinyi wawili sasa mmekuwa mabingwa wa jambo hilo.

Alikuja na barua yako mkononi, akanisomea yote. Nikamwambia: “Futa.” Akasema hafuti. Tukagombana mbele ya washona nguo, wakazima na vyerehani wapate kusikia vizuri. Nikamwambia sitaki wimbo wa mama yenu umfukuzishe kazi mtoto wake. Akaufuta akiwa anatoa machozi, jitu zima lenye ndevu.

Sikuwa nimekasirika kupelekwa kule, ujue. Nilisema sijui kwa sababu uliniambia nisiseme. Mimi nilisaini kwa akili zangu. Meno yalikuwa yameshaanza kucheza wakati ule, nilikuwa nayasukuma kwa ulimi kila asubuhi, na sikumwambia hata mama yenu. Nikafikiri bora wazichukue noti kabla meno hayajaondoka. Na zile siku mbili zilikuwa nzuri. Miaka arobaini ya bendi watu wanacheza, wanazungumza, wanaagiza vinywaji. Pale watu wanne walinyamaza kusikiliza noti moja. Wasingenilipa ningekwenda vilevile.

Sasa tulivyofanya. Nilimuuliza Masikio ni kitu gani hasa kinauzwa ghali. Akasema pumzi. Nikamwambia, we mtoto, mimi nimekaa hapa mbele yako nimekufa? Meno ndiyo yameondoka. Pua ninayo.

Basi akachukua lile toleo dogo, zile noti zisizopumua, akaniwekea maikrofoni. Wimbo ukipita, mahali pa kuvuta hewa navuta mimi. Nilivua na meno ya bandia maana yalikuwa yanagonga. Tulitumia siku tatu, kwa kuwa ndugu yako ni msumbufu, kila mara ananiambia nipumzike. Kazi yenyewe ni kupumua, napumzikaje?

Wimbo ameuambatisha hapa chini. Hauna alama ya mtu isipokuwa mimi. Usikilize ukitulia. Mimi ni mzima, sina la kusema zaidi.

Asiyekuwepo na lake halipo, husema hivyo. La kwako hapa lipo, usiwe na shaka.

Baba yenu


17 Aprili

Masikio,

Kikao kilikuwa jana. Bei imepanda. Sikutoa hotuba yoyote, nilinyoosha mkono pamoja na wengine, nikaandika tarakimu mpya ubaoni kwa mkono wangu. Nakuambia ili usinifikirie kuwa mwema kuliko nilivyo.

Baada ya hapo nilifunga mlango nikausikiliza wimbo. Mara ya kwanza nilisikiliza kama mtoto wa Mama, na nililia, sina aibu kusema. Ni mzuri, mdogo wangu. Ni mzuri kuliko ule ulioufuta, nami ule sijausikia. Umezishika zile noti zangu kavu ukazipa mtu wa kuzipuliza, jambo ambalo hapa hakuna aliyelifikiria, wala mimi ninayelipwa kufikiria.

Mara ya pili nilisikiliza kikazi. Nilijizuia, ikashindikana.

Pumzi za Baba za miaka sita iliyopita nilizipanga mimi mwenyewe, mia nne na kumi na mbili, moja moja, kwa wiki tatu. Nazijua kuliko sauti ya mume wangu. Fupi halafu ndefu. Katika wimbo wako hakuna ndefu. Kwenye ubeti wa pili anavuta mara tatu na hewa haifiki. Mwishoni kuna mkwaruzo unaotoka chini sana, si wa pua wala wa meno, na hapo umepunguza sauti kidogo kidogo ili usisikike. Umepunguza vizuri. Mtu mwingine yeyote angepitwa.

Mwezi na nusu mmeniandikia habari za meno, nyote wawili. Wewe na haraka yako, yeye na utani wake. Nilijua kuna kitu mnanificha, sikudhani ni hiki. Sina haki ya kulalamika, nilianza mimi kuficha. Lakini nimekaa hapa nikibishana na wewe juu ya bei ya pumzi zake za zamani, na wakati huohuo zile alizonazo zinaisha.

Nimeomba ruhusa kazini, sikusema ya siku ngapi. Basi linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Usimwambie Baba kama nimejua, atavaa meno na kuanza kuchekesha watu. Na usinijibu kwamba ni umri. Niandikie leo leo daktari amesema ni nini, na amesema Baba amebakiza muda gani.

Dada yako